Hesi Iliyogoma na Moto Usiosaidia

Mdomoni mwa mtutu wa AR-15, bunduki iliyoenea sana mikononi mwa raia wa Marekani, kwa kawaida hufungwa kifaa kidogo cha chuma: cha kufifisha mwako wa baruti, cha kupunguza teke la bunduki, au cha kushikia kiwambo cha kuzuia sauti. Kimefungwa kwa hesi kama nati yoyote, na siku ya kukitoa hugoma kama nati yoyote. Jibu la mafundi wengi kwa nati iliyogoma ni moja: ichome moto, ikikataa ongeza urefu wa spana. Jibu hilo huruka swali linalopaswa kutangulia, yaani ni nini hasa kimeishika hesi hiyo. Hesi mbili zinazofanana kwa macho zaweza kuwa zimeshikwa na vitu visivyohusiana kabisa kikemia, na dawa ya moja isiifae nyingine hata kidogo.

Tuanze na kutu, mkosaji anayefahamika zaidi. Hata hesi safi huzuiwa na msuguano: katika nguvu yote anayotumia fundi kukaza boliti, takriban sehemu tisa katika kumi humezwa na msuguano chini ya kichwa na ndani ya hesi, na moja tu ndiyo inayobana. Kutu ikiingia, mambo huzidi, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara mbili hadi sita kuliko chuma kilichoizaa. Ikiwa imefungiwa kati ya hesi na hesi, haina pa kwenda, hivyo hukandamiza pande zote. Hapa mafuta mepesi ya kupenya ndiyo dawa, mradi yapewe muda. Mwaka 1921 Edward Washburn alionyesha kwamba umbali ambao kimiminika hupenya kwenye upenyo mwembamba hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: ili yafike mbali mara mbili, yahitaji muda mara nne. Fundi anayepaka mafuta jioni na kurudi asubuhi ana fizikia upande wake. Kugongagonga taratibu nako kunasaidia, maana hufungua nyufa katika kutu ili mafuta yapate pa kupita.

Lakini bunduki inayotunzwa vizuri haishiki kutu kirahisi, na mara nyingi anayeshikilia ni gundi. Mwaka 1953 Vernon Krieble, profesa wa kemia katika Trinity College mjini Hartford, alitengeneza gundi inayobaki majimaji ikiwa kwenye hewa na kuganda inapokosa oksijeni ikigusana na chuma. Ndiyo iliyokuja kujulikana kama Loctite. (Mwaka huohuo, huko San Diego, ndipo ilipotengenezwa WD-40, kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Nchi ileile, mwaka uleule, chupa mbili ambazo leo mafundi huzitumia kwa kazi zinazopingana.) Gundi nyekundu ya aina hii hulainika ikifikishwa kwenye joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi, na kifaa lazima kizungushwe kingali cha moto. Wengi husema moto hufaulu kwa sababu chuma hutanuka, nao hawajakosea, ila wanaupa mtanuko sifa nyingi mno. Hesi ya AR-15 ina kipenyo cha nusu inchi, yaani milimita 12.7; kifaa kikipata nyuzi 200 zaidi ya mtutu, kitatanuka kwa takriban milimita 0.03 tu, na mtutu wenyewe ukipata joto lilelile faida hiyo hutoweka. Kazi kubwa hapa imefanywa na gundi kulainika.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye gundi ya pili. Bunduki yenye kiwambo cha sauti ikifyatuliwa mfululizo, mdomo wa mtutu huwa wa moto kiasi cha kulainisha gundi nyekundu, na kifaa hulegea chenyewe. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa viwambo huhimiza gundi ya kauri iitwayo Rocksett, inayostahimili nyuzi 1,100 hivi. Mwenye tochi ya gesi atachoma hadi chuma kibadilike rangi na kuwa buluu, dalili ya nyuzi 300 hivi, na gundi isijue kama kuna jambo. Kinachoishinda ni maji: mdomo wa mtutu ukilowekwa kwenye maji ya moto kwa saa nyingi, gundi hudhoofika na spana ya kawaida ikamaliza kazi.

Fundi mwenye haraka atauliza atajuaje kilichomo kama hakukifunga yeye. Swali la haki. Kama hajui, na aanze na kisichodhuru: risasi zitolewe zote, mdomo ulowekwe maji, ukaushwe, yafuate mafuta, kisha yafutwe vizuri kabla ya moto kusogezwa. Mafuta yakitangulia, maji hupata shida kupenya. Mwingine atasema spana ndefu hushinda kila gundi. Huenda ikashinda, lakini nguvu ya kuzungusha haiishii kwenye hesi. Bunduki ikiwa imebanwa kwenye jiriwa kwa kiwiliwili chake, nguvu hiyo hupita kwenye kipini kidogo cha mtutu na kwenye alumini inayokishika, na alumini ndiyo itakayosalimu amri mwanzo. Anayebana abane mtutu wenyewe, karibu na mdomo.

Kuna vifaa ambavyo hakuna kati ya dawa hizi itakayovitoa, kwa kuwa vimepigiliwa pini na kuchomelewa makusudi ili mtutu ufikie inchi 16, yaani sentimita 40.6. Chini ya urefu huo, sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1934 huihesabu bunduki hiyo kuwa ya kundi linalohitaji usajili maalumu, hivyo mwenyewe asome sheria kabla ya kugusa pini. Na kinapobidi kukatwa, msumeno upite kwenye kifaa kwa urefu wake na usimame kabla ya kugusa hesi, kwa sababu mtutu mpya ni ghali kuliko kifaa kipya.