Fahamu: Orodha za ubora kabla ya ligi zina kazi gani?

Msimu ukikaribia, ubishi wa mashabiki Bujumbura huwa uleule: klabu inapangwaje kwa ubora kabla mpira haujachezwa? Orodha za wachambuzi ni za kunogesha maongezi tu. Ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) ndiyo yenye meno: nchi 12 za juu huingiza timu mbili katika kila shindano lake la klabu. Huhesabu misimu mitano, wa karibuni ukizidishwa kwa tano, wa zamani kwa moja, na pointi huanzia hatua ya makundi. Ukitolewa awali, huambulii kitu. Vital'O ya Bujumbura ilicheza fainali ya Kombe la Washindi Afrika 1992, leo haihesabiwi. Agosti 2024, katika hatua ya awali, Yanga ya Tanzania iliichapa 4-0, kisha 6-0. Hapo shabiki alaumu orodha gani?