Marekani: Shahada na fedha havimkingi mama mweusi

Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, wanawake wanne weusi wa Marekani walitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Kufikia 2023, watatu kati yao walikuwa wamekumbwa na matatizo makubwa ya uzazi.

Allyson Felix alifanyiwa upasuaji wa dharura mwaka 2018 mimba ikiwa ya wiki 32, baada ya shinikizo la damu la ujauzito kufikia hatua ya hatari. Tianna Bartoletta alijifungua katika wiki ya 26. Tori Bowie, aliyekuwa na ujauzito wa takriban miezi minane, alikutwa amefariki nyumbani kwake Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 32. Ripoti ya uchunguzi wa mwili wake ilitaja kifafa cha mimba kuwa huenda kilichangia.

Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kuwa mwaka 2023 walifariki kina mama weusi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa wazungu walikuwa 14.5.

Wengi hudhani tofauti hiyo ni ya umaskini. Umaskini na ukosefu wa bima vinachangia, lakini havitoshi kuieleza. Kwa takwimu za 2007 hadi 2016, miongoni mwa wanawake wenye shahada, weusi walifariki mara 5.2 zaidi ya wazungu.

Sababu mojawapo ni kutosikilizwa. Nyota wa tenisi Serena Williams, aliyejifungua Septemba 2017, ameeleza kwamba alipokosa pumzi alimwambia muuguzi anahitaji kupigwa picha ya kifua na kupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Aliposhikilia msimamo wake, picha ilionyesha mabonge ya damu kwenye mapafu.

Wataalamu waliopitia vifo vya 2017 hadi 2019 katika majimbo 36 walibaini kuwa zaidi ya asilimia 80 vingeweza kuzuilika. Zaidi ya nusu vilitokea kati ya siku ya saba na mwaka mmoja baada ya kujifungua, wakati wageni wa kumwona mtoto wameshapungua.

Binti wa Arusha, Kisumu au Bujumbura anayejifungulia Marekani huhesabiwa katika kundi hilo hilo la weusi. Ndugu zake wanaompigia simu kuulizia mtoto wamuulize na mama: je, kichwa kinamuuma bila kutulia? Anaona ukungu? Uso umevimba? Anapumua kwa shida? Damu inatoka nyingi?

Jibu likiwa ndiyo, aende hospitali mara moja, aseme alijifungua lini, na asikubali kurudishwa nyumbani kabla ya kupimwa.