Umbo la Risasi na Safari Yake

Katika lugha yetu neno "risasi" lina maana mbili. Ni jina la madini laini na mazito ya rangi ya kijivu, na pia ni jina la kile kipande kirukacho kutoka katika mtutu wa bunduki. Maana hizo zilishikamana kwa sababu kwa karne nyingi kipande hicho kilikuwa madini hayo matupu, yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu yakawa gololi. Leo ipo hata risasi isiyo na risasi ndani yake. Katika makala hii tutaeleza kwa nini mafundi waliliacha umbo la gololi, na kwa nini mpaka sasa hawajapata umbo moja lifaalo kwa kila kazi.

Jambo hili lawahusu wakazi wa mahali kama Bendera, katika wilaya ya Same. Kata hiyo iko kwenye barabara itokayo Same kupitia Kisiwani, Ndungu na Kihurio, chini ya milima ya Pare ya Kusini. Si mbali na hapo ni Mkomazi, iliyokuwa Pori la Akiba tangu mwaka 1951 na ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Kuwinda ndani ya hifadhi hairuhusiwi, lakini tembo hatambui mpaka. Huvuka akaingia mashambani, na pengine askari wa wanyamapori hulazimika kuitwa pamoja na bunduki zao. Penye mashamba, mifugo na nyumba za watu, mwenye kufyatua risasi hana budi kujua mambo mawili: itafanya nini ikimpata mnyama, na itaishia wapi isipompata.

Uzito peke yake hautoshi

Tuanze na gobore. Gololi ya risasi yenye kipenyo cha milimita 18 ina uzito wa gramu 35 hivi. Je, si dhahiri kwamba itapenya kuliko risasi ndogo ya gramu 11? La, si dhahiri. Hewa, na baadaye nyama na mfupa, huzuia risasi kwa kadiri ya upana wa uso wake. Kwa hiyo tunapaswa kuugawa uzito kwa eneo la uso huo. Gololi yetu ina eneo la milimita za mraba 254. Kila milimita ya mraba imebeba gramu 0.14 tu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskochi W. D. M. Bell aliwinda tembo Karamoja, nchini Uganda, na sehemu nyingine za Afrika. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, jambo lililowashangaza wenzake waliobeba mizinga mizito. Mauaji hayo hatuyasifu. Twayataja kwa ajili ya fundisho lake. Risasi yake ilikuwa ndefu na nyembamba, yenye gramu 11.2 na kipenyo cha milimita 7.2. Ukigawanya utapata gramu 0.27 hivi kwa milimita ya mraba, yaani takriban maradufu ya gololi. Kiasi hicho kinalingana na kile cha risasi ya gramu 19.4 ya bunduki ya inchi 0.375, iliyotolewa mwaka 1912 na Holland & Holland wa London, ambayo hadi leo hutumika sana kwa nyati na tembo.

Ncha kali na pia la mtoto

Kitu kirefu kikirushwa hupenda kupinduka. Dawa yake aijua kila mtoto achezaye pia: kikizunguka kwa kasi, husimama imara. Ndani ya mtutu huchongwa mifereji iliyojiviringa, nayo huizungusha risasi inapopita. Katika bunduki kama ya Bell mfereji hukamilisha duara moja kwa kila milimita 220; risasi itokayo kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde huwa inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde.

Mafundi wakatazama ncha. Risasi ipitayo kasi ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, husukuma mbele yake wimbi la hewa iliyobanwa. Pua butu husukuma wimbi kubwa. Ncha kali huipasua hewa. Jeshi la Ufaransa lilianza kutumia risasi ya ncha kali mwaka 1898, na la Ujerumani mwaka 1905. Hata kisigino cha risasi kilipunguzwa unene, kama tezi la mashua, ili hewa ifunge nyuma yake bila kuivuta.

Mwisho wa safari

Hapa ndipo penye ugumu. Umbo lisafirilo vema angani si lazima lifanye kazi vema mwilini. Risasi ngumu ya ncha kali yaweza kumpita swala kama sindano, naye akakimbia na jeraha afie porini baada ya siku kadhaa. Ndani ya mwili mnene wa tembo ncha hiyo hiyo huweza kupinduka na kuacha njia. Ndiyo sababu risasi za tembo na nyati zina pua butu na ganda gumu.

Kwa swala na pofu hutumika risasi inayofunguka kama uyoga inapogonga, ili mnyama afe upesi. Katika vita risasi za namna hiyo zilipigwa marufuku na Azimio la The Hague la mwaka 1899. Katika uwindaji zahesabiwa kuwa na huruma zaidi. Lakini ikiwa laini mno hupasuka vipande kabla ya kufika ndani. Mwaka 1948 Mmarekani John Nosler alianza kuuza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunguka, nusu ya nyuma hubaki nzima.

Kufunguka huko hutegemea kasi. Risasi iliyoundwa ifunguke kwa kasi ya mita 800 yaweza isifunguke kabisa ikifika mbali na kasi ya 500. Na ile iliyolainishwa kwa ajili ya mbali yaweza kusambaratika ikigonga karibu. Hakuna fundi aliyeikwepa kabisa methali ya mshika mbili.

Tena kuna muda. Tuseme risasi ina wastani wa mita 640 kwa sekunde na mnyama yuko mita 400. Itachukua sekunde 0.625. Katika muda huo mvutano wa dunia utaishusha karibu mita 1.9, na mnyama atembeaye mita 1.5 kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 94. Aliyelenga moyo atapiga tumbo. Hakuna umbo la risasi liwezalo kumzuia mnyama asipige hatua.

Risasi isiyo na risasi

Vipande vya madini ya risasi vinavyobaki katika mizoga ni sumu. Nchini Botswana watafiti wameyakuta madini hayo katika damu ya tumbusi, na jimbo la California lilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Badala yake hutumika shaba nyekundu tupu. Lakini sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 9.0, ilhali ya risasi ina gramu 11.3.

Zoezi la darasani: Vipande viwili vya mcheduara vina kipenyo kimoja na uzito mmoja, kimoja cha risasi na kingine cha shaba. Kipi ni kirefu zaidi, na kwa asilimia ngapi? Kisha jadilini: je, kile kirefu kitahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi au pungufu ili kisipinduke angani?