Aliyejua Kusoma Alisonga, Asiyejua Alibaki

Tanzania ilifunga shule kwa sababu ya UVIKO-19 Machi 2020, na mwishoni mwa Juni watoto walikuwa wamesharudi darasani. Kenya ilirejesha madarasa yote Januari 2021. Uganda, iliyofunga Machi hiyo hiyo, haikufungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa.

Ungetarajia usomaji uporomoke kwa wote. Sivyo. Nchini Uganda, tathmini ya shirika la Uwezo, ambayo huwapima watoto majumbani mwao, ilipolinganisha 2018 na 2021 ilikuta walioweza kusoma na kuelewa hadithi ya darasa la pili wameongezeka. Wasiotambua hata herufi, nao, walikaribia kuwa maradufu.

Sababu imo katika kusoma kwenyewe. Mtoto wa Buganda anayeanza hulikabili neno la Kiganda ekitabo (kitabu) silabi moja moja: e, ki, ta, bo. Akifika bo, e imeshamtoka. Lazima awepo mtu wa kumrudisha mwanzo, leo na kesho, mpaka jicho lilishike neno zima. Akishavuka hapo, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi kinamtosha kuendelea peke yake. Asipovuka, hana pa kushika. Serikali ilisambaza masomo ya kujisomea nyumbani, jambo jema kwa wakubwa. Lakini asiyejua kusoma atajisomeaje? Palipokuwa na mzazi msomi mwenye nafasi, pengo lilizibwa. Mama anayerudi kutoka sokoni usiku angeliziba saa ngapi?

Ratiba nayo iliwaonea wadogo. Watahiniwa walirudi kwanza, Oktoba 2020. Zamu ya madarasa ya chini ilipofika, Juni 2021, shule zikafungwa tena. Kisha 2022 wote wakapandishwa darasa. Kwa sera ya Uganda, madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, na la nne ndilo la kuvukia Kiingereza. Basi mtoto wa Buganda aliyesoma darasa la tatu kwa wiki chache tu mwaka 2020 alikutana na Kiingereza kabla hajaweza kusoma Kiganda chake.

Dawa inajulikana: shirika la Pratham la India huwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa umri wala darasa. Uganda ilipaswa kuanza na hilo siku ya kwanza ya kufungua. Watoto wale wa darasa la tatu, kama hawakukariri darasa, walifikia mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka 2025.