Tumeshinda, Wamefungwa: Shabiki wa Kandanda na Nafsi ya "Sisi"

Katika mazungumzo ya mashabiki wa kandanda mna jambo moja la kisarufi ambalo sisi walimu wa lugha hatujalipa uzito unaostahili. Mwulize shabiki, Jumapili asubuhi, matokeo ya mechi ya timu yake iliyochezwa jana. Ikiwa timu hiyo ilishinda, atakujibu kwa bashasha, "Tuliwafunga mawili kwa nunge!" Ikiwa ilishindwa, atauma mdomo kidogo, kisha aseme, "Ah, hao jana walicheza ovyo." Timu ni ile ile, na anayejibu ni yule yule. Kilichobadilika ni kiambishi cha nafsi. Ushindi ulikuwa na "tu-", kushindwa kukapewa "wa-".

Hapa Nawoitorong, nje kidogo ya mji wa Lodwar, sarufi hii inatumika kama inavyotumika Nairobi na Kisumu. Jumamosi jioni vijana hujaa katika vibanda vya kuonyeshea mpira, wamevaa fulana za Arsenal, Chelsea, Liverpool na Manchester United. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni safari ya kilomita zipatazo 700, na wengi wa vijana hao hawajaifunga. Hata hivyo, ukiwauliza habari za klabu iliyo Uingereza, watakueleza "tunachohitaji" ni kiungo wa kukaba na "tuliyemnunua" hafai kitu. Mwenye klabu hawajui, lakini wao wanajihesabu miongoni mwa wenyewe.

Tabia hii si yetu peke yetu. Mnamo 1976 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu na timu yao ya kandanda ya Kimarekani. Walipoulizwa kwa simu waeleze matokeo ya mechi, wanafunzi walielekea kusema "sisi" timu iliposhinda kuliko iliposhindwa. Watafiti walieleza kwamba binadamu hupenda kuota jua la utukufu wa wenzake. Jua likichwa, kila mmoja hurudi kwake.

Lugha yetu, hata hivyo, ina zana nyingi zaidi za kuyaonyesha haya kuliko Kiingereza. Tazama kitenzi "kufunga". Katika kauli ya kutenda, mchezaji amefunga bao, na sifa ni yake. Katika kauli ya kutendwa, timu imefungwa, na kitenzi hicho hicho ndicho tunachokitumia kwa mbuzi aliye kambani na mtu aliye gerezani. "Kushinda" nako kukitiwa kiambishi cha kutendwa huzaa "kushindwa", neno lenye maana mbili: kuzidiwa na mpinzani, na kutoweza jambo. Kwa hiyo shabiki anayesema "tumeshindwa" anakiri mawili kwa pumzi moja. Si ajabu kwamba anaona afadhali "wameshindwa", aibu iende na wengine.

Wachezaji ndio wanaobeba mzigo wa badiliko hili. Mshambuliaji anapofunga huitwa "kijana wetu". Wiki mbili akikosa bao, kiashiria kinabadilika, naye anakuwa "yule", kama mtu aliye upande wa pili wa mto. Baada ya hapo huja hukumu: hana miguu, amezeeka, ameuza mechi. Neno hili la mwisho ni zito. Kuuza mechi ni kosa linaloweza kumfungia mchezaji milango ya riziki, na bado mashabiki hulitamka pasipo ushahidi wowote, mradi tu kipa amepitwa na mpira wa mbali. Walimu tunaowakataza wanafunzi kuandika "inasemekana" bila kutaja nani aliyesema tungefanya vyema kuwauliza swali hilo hilo wanapotoka kutazama mechi. Kusifu bila kiasi nako kuna madhara yake, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema huyo hatukumtukana jana kisha leo tukamwita ndugu.

Agosti 2025 nchi nzima ilitupa mfano ulio wazi. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, na Harambee Stars wakawalaza DR Congo, Morocco na Zambia, kila mmoja kwa bao moja kwa nunge, huku wakitoka sare ya bao moja na Angola. Katika siku hizo "tu-" ilitamalaki kutoka Lokichoggio hadi Lunga Lunga. Kisha ikaja robo fainali dhidi ya Madagascar, mechi ikaisha sare ya bao moja kwa moja, na Kenya ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Usiku huo niliwasikia watu waliokuwa "sisi" saa moja tu iliyotangulia wakiuliza kwa nini "hao" hawakufundishwa kupiga penalti. Vijana waliokuwa wameishinda Morocco, iliyolitwaa kombe hilo hatimaye, walipoteza wenzao wengi kabla hata ya kutoka uwanjani.

Hebu sasa tuzirudie klabu zetu, maana huko "sisi" ina historia ndefu. AFC Leopards ilianzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia ikaundwa 1968 ikiwa na jina la mganga mashuhuri wa masimulizi ya Waluo. Majina yenyewe yalitangaza nani ni "sisi". Serikali ilipokataza majina ya kikabila, Abaluhya ikageuka kuwa AFC Leopards mnamo 1980. Jina lilibadilika, mashabiki hawakubadilika. Hata hivyo, mashabiki hao hao wamebuni neno ninaloliona kuwa miongoni mwa mabora katika Kiswahili cha viwanjani: mechi ya Gor na Leopards huitwa "Mashemeji". Anayepaswa kuwa adui amepewa jina la ukoo. Shemeji utamtania, utamfunga mabao, utamcheka wiki nzima, lakini huwezi kumtupa, kwa sababu dada yako yuko nyumbani kwake. Ghasia za mashabiki zimewahi kulitia doa neno hilo mara kadha, lakini bado linatufundisha kwamba ushindani na udugu vinaweza kukaa katika neno moja.

Gor Mahia ndiyo klabu ya Kenya iliyowahi kulitwaa kombe la bara Afrika. Mwaka ulikuwa 1987, kombe ni la washindi wa vikombe, na wapinzani walikuwa Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis iliisha mabao mawili kwa mawili, na ya marudiano Nairobi ikaisha bao moja kwa moja. Gor waliibuka mabingwa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Leo mzee yeyote wa Gor atakwambia "tuliwashinda Waarabu", na kumbe fainali yenyewe ilikuwa sare mbili! Nahodha wa kikosi hicho alikuwa Austin Oduor, na jina lake linatuleta kwenye kiini cha makala haya.

Oduor ana mpwa anayeitwa Divock Origi. Alizaliwa Ostend, Ubelgiji, mnamo Aprili 1995, mwana wa Mike Okoth aliyewahi kuichezea Harambee Stars. Septemba ya mwaka huo huo, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alizaliwa Awer Mabil, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini ya leo. Origi aliichagua Ubelgiji, akaifungia bao dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia la 2014, na 2019 akaifungia Liverpool katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mabil aliondoka Kakuma 2006 kwenda Australia. Juni 2022 alipiga penalti muhimu dhidi ya Peru, Australia ikafuzu kwenda Kombe la Dunia, naye akasema bao lile lilikuwa shukrani ya familia yake kwa nchi iliyowapokea.

Siku zile zote mbili nilisikia Turkana na kwingineko kauli moja: "Huyo ni mtoto wetu." Je, ni wetu kwa kipimo gani? Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mamake au babake ni raia, awe amezaliwa Kenya au la. Kwa kipimo hicho, mtoto wa Ostend alikuwa na mlango wazi. Mtoto wa Kakuma, aliyezaliwa ndani ya kaunti hii na kuupiga mpira kwenye vumbi hili miaka kumi, hakuwa nao. Lau angalibaki, angaliweza kuwa fundi wa mpira kuliko wote nchini, na bado uzawa wake peke yake usingalimpa jezi ya Harambee Stars. Tulimwita wetu alipokuwa amekwisha kuwa wa watu wengine.

Hapa ndipo Kiturkana kinapokishinda Kiswahili kwa uangavu. Kiswahili kina "sisi" moja tu inayobeba kila kitu. Kiturkana, kama ndugu zake Kikaramojong na Kiteso, hutofautisha "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Msemaji hawezi kujificha, maana sarufi humlazimisha kutamka kama wewe unayemsikiliza umo au humo. Fikiria mchezo wa jioni Kakuma, watoto wa Kiturkana, wa Sudan Kusini, wa Somalia, wa Burundi na wa Kongo wakiwa uwanja mmoja. Kambi ilifunguliwa 1992, na 2016 likaongezwa makazi ya Kalobeyei, yaliyokusudiwa wakimbizi na wenyeji watumie pamoja shule na zahanati. Nje ya uwanja watu hawa wamewahi kugombania maji, kuni na malisho. Ndani ya uwanja mtoto anapopaza sauti kwamba "tumefunga", yafaa tujiulize ni "sisi" ipi kati ya zile mbili anayoijengea mazoea. Nadhani mengi ya kesho ya kaunti hii yamo katika jibu hilo.

Sisemi vijana waache kuzishangilia klabu za Ulaya. Mpira mzuri ni mpira mzuri, na macho hayana pazia. Nasema tu kwamba "sisi" isiyodai chochote kwa anayeitamka ni rahisi mno. Timu ya mtaa wa Nawoitorong inahitaji nyavu, maji ya kunywa na mtu wa kusimama kando ya uwanja jua la saa tisa likichoma. Huko "sisi" ina gharama. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi tumegeuza mambo, tukawatunza wacheza mbali huku wa kwetu wakivuka Turkwel bila viatu.

Kwenu walimu wenzangu, nina pendekezo jepesi. Badala ya kutunga sentensi kavu za "Juma alipiga mpira", waambieni wanafunzi waandike masimulizi ya mechi moja mara tatu: kwa "tu-" kama mashabiki wa timu iliyoshinda, kwa "tu-" kama mashabiki wa timu iliyoshindwa, na kwa "wa-" kama mwamuzi. Watajifunza viambishi vya nafsi, kauli ya kutendwa na ya kutendana, na msamiati wa kuotea, kona, chenga na kanzu. Zaidi ya hayo watatambua jinsi tukio moja linavyovaa nguo tatu. Darasa lenye wanafunzi wa lugha mbalimbali liongeze la nne: kila mmoja aeleze lugha ya kwao husemaje "sisi", na inamjumuisha nani.

Nanyi wanafunzi, jaribuni jambo moja msimu huu. Timu yenu ikifungwa, semeni "tumefungwa". Kipa aliyefungwa mabao manne mwiteni "kipa wetu" jioni ile ile. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na nafsi ya kwanza wingi isiyokubali kushindwa haijawa wingi bado.