Kwa Nini Watu Huifunga Video Yako Kabla Haijaanza



Ndugu wanafunzi, mwaka huu wengi wenu mmenijia na swali moja: "Ustadh, tunatengeneza video, tunaziweka YouTube, watu wanazifungua lakini hawakai. Tufanyeje?" Nimeona nijibu hapa ili kila mmoja apate, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Mnaikumbuka ile video ya migomba tuliyotengeneza na wanafunzi wa darasa la juu. Ugonjwa wa mnyauko, ambao sisi huku tunauita unyanjano, ulionekana mkoani Kagera mwaka 2006, na sidhani kama kuna nyumba ya Karagwe au Kyerwa isiyoujua. Tulitaka kuonyesha jambo moja tu: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, mara chane ya mwisho inapojitokeza, na si kwa panga. Wadudu wanaotembelea ua hilo hubeba vimelea vya ugonjwa, na panga nalo huvihamisha kutoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Kazi yenyewe haizidi dakika mbili kuionyesha. Lakini mimi nikaanza na kaswida, zikafuata salamu za uongozi, kisha historia ya madrasa, kisha nikawashukuru waliotuazima simu. Kijiti kilionekana dakika ya saba.

Baada ya wiki chache nilikutana na mzee mmoja wa upande wa Nkwenda. Akaniambia mjukuu wake alimfungulia video ile. "Nimekuona Ustadh, umeongea vizuri sana," akasema, "ila bando likaisha." Nikamuuliza hali ya shamba. Alikuwa ameondoa maua dume ya shamba zima kwa panga moja, bila hata kulipitisha kwenye moto. Kwamba ua dume linaondolewa alishasikia. Linaondolewa kwa kitu gani, hakufika huko.

Tangu siku hiyo nimejishughulisha kujua mambo haya yanavyokwenda.

Video ya kwanza kabisa kuwekwa YouTube ilikuwa ya tarehe 23 Aprili 2005. Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi, amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Ina sekunde 19. Miaka ya mwanzo mtandao ule ulipendekeza video kwa kuangalia zaidi zimebofywa mara ngapi. Watu wakajua ujanja: kichwa cha habari kikubwa na picha ya kutisha kwa nje, ndani hakuna kitu. Mtazamaji anabofya, anaona ametapeliwa, anatoka. Lakini hesabu imeshaingia. Mwaka 2012 wakabadilisha utaratibu, wakaanza kuupa uzito muda ambao mtu anakaa akitazama. Video inayokimbiwa haipendekezwi sana kwa wengine, hata ikibofywa na umati.

Hapa sisi hatukuhitaji kungoja mwaka 2012. Katika mlango wa biashara tumesoma habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika chungu ya nafaka na kukuta juu pakavu na chini pamelowa, akamkemea mwenye mali. Ile picha ya nje ya video na kichwa chake ndiyo nafaka ya juu. Nimewaona baadhi yenu mkiandika "UTALIA UKIONA HII", na ndani ni safari ya Kayanga kwa bodaboda. Acheni. Ni kughushi, na zaidi ya hayo hakuwafaidii kitu.

Fungua programu ya YouTube Studio katika simu, utaona mchoro wa mstari unaoonyesha ni sehemu gani ya watazamaji imebaki kila sekunde. Karibu kila video mstari huteremka mwanzoni, hasa katika sekunde 30 za kwanza, kisha hutulia. Wetu ulianguka kama jiwe la kisimani. Nilipouangalia kwa makini niliona umeanguka wakati wa salamu za uongozi, ukaanguka tena kwenye shukrani. Lakini palikuwa na kilima kidogo kwenye kijiti, maana yake waliofika pale walirudisha nyuma kutazama tena. Mchoro huo usomeni kama mnavyosoma masahihisho ya daftari: mahali ulipoporomoka, tafuta ulisema nini hapo, na safari ijayo ukiondoe.

Dawa yake ni kuanza na lile lililomleta mtu. Salamu ya maneno mawili haina tatizo, na ni sunna yetu. Hotuba ya ufunguzi ndiyo tatizo. Onyesha ua likivunjwa, kisha sema kwa nini, kisha eleza dalili, kisha panga lichomwe moto au lioshwe kwa jiki. Shukrani ziende mwisho. Na usimwombe mtu ajiunge na chaneli yako kabla hujampa chochote.

Wapo wanaowaza pesa, na si haramu kuziwaza. Kwa video za kawaida, YouTube hugawana mapato ya matangazo na chaneli yenye watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Piga hesabu: saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila anayefungua akikaa dakika moja, unahitaji ifunguliwe mara 240,000. Akikaa dakika nne, mara 60,000 zinatosha. Anayekazana kutafuta wabofyaji wapya huku wa zamani wanamkimbia anajaza maji katika pakacha.

Vyombo visiwashughulishe sana. Tangu mwaka 2021 Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, pamoja na dada yake Neema, wamejulikana dunia nzima kwa kuigiza nyimbo za Kihindi wakiwa nje, mwanga wa jua, wamevaa shuka zao. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja katika hotuba yake ya redio. Siwaambii mwige nyimbo. Tazameni jinsi video inavyoanza pale pale, bila dibaji. Kinachowashinda wengi wenu ni sauti. Picha yenye ukungu mtu huivumilia, lakini upepo wa Karagwe ukipuliza kwenye maiki, au mvua ikigonga bati, anatoka. Tumieni hedifoni yenye maiki, ishikeni karibu na kidevu, na mrekodi nyuma ya ukuta.

Jambo jingine ni jina. Tuliandika "Udhibiti wa Mnyauko Bakteria wa Migomba", nani anatafuta maneno hayo? Mtu anaandika "unyanjano". Wekeni yote mawili. Na mada zichukueni kwa watu. Redio ya FADECO, iliyoanza hapa Karagwe mwaka 2007, ilipata wasikilizaji kwa kushughulika na maswali ya wakulima. Swali moja, video moja.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Tangu Machi 2018 nchi yetu ina kanuni za maudhui ya mtandaoni, nazo zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Anayetaka kurusha habari aulize kwanza TCRA kuhusu leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo imeanza kutumika Mei 2023. Mtoto wa mwenzio usimweke mtandaoni bila idhini ya mzazi wake.

Video ile tumeirudia. Inaanza na mkono wa mwanafunzi, kijiti na ua likivunjika, na ina dakika mbili na ushei. Kaswida tumeiwekea video yake peke yake. Yule mzee wa Nkwenda nilimfuata nyumbani nikamrushia kwa Bluetooth, isimlie bando.