Umerudi Kutoka Ng'ambo: Paa Kwanza au Deni Kwanza?

Wananchi wengi wa Uganda, hasa akina mama na vijana, wamekwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Dubai, Oman na kwingineko katika nchi za Ghuba. Aghalabu mkataba wa kazi za nyumbani huwa wa miaka 2. Muda ukiisha, mtu hurejea na sanduku la zawadi na akiba kidogo, na mtaa mzima humwona tajiri. Lakini wako wengi ambao waliondoka wakiwa wadaiwa. Fedha za wakala na za safari zilikopwa, na kodi ya chumba cha zamani haikumalizwa. Mwenyewe alisafiri, deni lilibaki nyumbani likizaa.

Sasa mtu huyo anatafuta mahali pa kupanga. Je, atumie akiba yake kulipa madeni ya zamani, au apate paa kwanza? Swali hili ni zito, maana mara nyingi watoto wameachwa kwa bibi yao, nao wanahesabu siku wakimngoja mama awachukue.

SIRI HAIKAI MTAANI

Wengine huona njia rahisi ni kuhamia mtaa wa mbali wasikojulikana. Njia hiyo ni fupi kuliko wanavyodhani. Mwenye nyumba mwangalifu humtaka mpangaji mpya alete barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC 1 wa mahali alikotoka. Mwenyekiti ndiye huyo huyo aliyesuluhisha ugomvi wa kodi kabla ya safari. Barua isipopatikana, mwenye nyumba huuliza kwa simu, na habari ikitoka kwa mdai hutoka na chumvi nyingi kuliko ingalitoka kwa mdaiwa mwenyewe.

Kwa hiyo yafaa mtu aanze na mwenye nyumba wa zamani. Amwendee kabla ya kwenda kwa dalali, wahesabu pamoja, na akilipa adai stakabadhi. Deni hili mara nyingi si kubwa kushinda mengine, lakini ndilo linalofunga mlango wa nyumba mpya.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja amerudi na akiba ya shilingi 3,000,000. Anadaiwa kodi ya zamani shilingi 600,000, na mkopeshaji anamdai 1,800,000. Anatamani nyumba ya vyumba viwili ya shilingi 400,000 kwa mwezi, ili majirani waone kwamba alikuwa ng'ambo. Kwa desturi ya mjini ataombwa kodi ya miezi 3, yaani 1,200,000, na tuseme dalali atataka ya mwezi mmoja, 400,000. Amebakiwa na 1,400,000, hajanunua kitanda wala sufuria, na wadai wote wawili wanamngoja mlangoni. Baada ya miezi 3 atakuwa na deni la tatu.

Sasa tuseme amechukua chumba kimoja katika zile nyumba za mstari ambazo watu wa Kampala huziita muzigo, kwa shilingi 150,000. Kodi ya miezi 3 ni 450,000, na ya dalali 150,000, jumla 600,000. Amebakiwa na 2,400,000. Hapa kishawishi kingine humjia, cha kumaliza madeni yote siku moja ili alale bila hofu. Asifanye hivyo, kwani asubuhi hatakuwa na hata nauli ya kutafutia kazi. Alipe kodi yote ya zamani, 600,000. Mkopeshaji ampe nusu, 900,000, na nusu ya pili waandikiane kuilipa kwa miezi 9, shilingi 100,000 kila mwezi. Zile 900,000 zilizobaki ziwe za chakula, ada ya shule na mtaji mdogo. Chumba ni finyu, lakini watoto watalala humo na mama yao, na hakuna atakayewatoa.

SHERIA INASEMAJE

Hapana budi mwananchi aijue haki yake. Kwa sheria ya Uganda, mdai wa deni la mkataba au la kodi ya nyumba ana miaka 6 ya kufungua shauri. Akiwa tayari amepata hukumu, ana miaka 12. Lakini mdaiwa akilipa sehemu ya mkopo, au akikiri deni kwa maandishi, ile miaka 6 huanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo asitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kuhakikisha kwamba hesabu iliyoandikwa ni ya kweli. Hata hivyo, tusiitumie sheria hii kama kichaka cha kujificha. Dawa ya deni ni kulipa.

Mkopeshaji hana ruhusa ya kushika kitambulisho cha taifa wala pasipoti ya mkopaji kuwa dhamana. Hayo yamekatazwa na sheria ya mwaka 2016 ya wakopeshaji fedha pamoja na kanuni zake. Jambo hili si dogo, kwani mwenye nyumba huomba kitambulisho hicho kabla ya kutoa ufunguo. Aliyekiacha kwa mkopeshaji akidai kabla ya jambo lingine lolote.

Wadai na wadaiwa wasioelewana wanaweza kwenda kwenye mahakama ya madai madogo. Utaratibu wake uliwekwa mwaka 2011, nao husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 10 bila mawakili.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa maandishi pale thamani yake inapofika shilingi 500,000. Mpangaji wa chumba cha 150,000 ndiye anayehitaji karatasi kuliko wote, kwani hana akiba ya kumwokoa mambo yakiharibika. Aandikiane, hata kwa ukurasa mmoja wa daftari mbele ya shahidi. Tena ajue kwamba mwenye nyumba hawezi kumtoa bila amri ya mahakama.

NYUMBA NAYO HUDAIWA

Jambo la mwisho husahauliwa na wengi. Nyumba yenyewe yaweza kuwa na madeni yake. Kabla ya kulipa, mpangaji aombe kuona ankara ya mwisho ya maji. Aulize pia kama mita ya umeme ya Yaka ina deni la mpangaji aliyetangulia, asije akanunua umeme na sehemu ya fedha yake ikalipia taa za mtu mwingine. Yote atakayoyakuta yaandikwe katika mkataba, pamoja na jina la atakayeyalipa.

Ndugu msomaji, ikiwa una dada au kaka anayejiandaa kurudi, mwandikie leo. Mweleze asione haya kuanza na chumba kimoja. Akina bibi waliolea watoto miaka miwili hawangojei sebule. Wanamngoja mtu ambaye hatalazimika kuwarudisha watoto hao kwao baada ya miezi mitatu.